Santuri za Zamani au Mitambo ya Kujiundia: Uanze na Ipi Ukiwa Nairobi?

Mpwa wangu alifika kwangu Buruburu Jumapili moja ya Agosti, baridi ikiwa bado imekaza, na kabla chai haijaiva akanieleza kilichomleta. "Shangazi, nimeweka akiba kidogo. Nataka kitu cha kufanya kwa mikono jioni nikitoka kazini, nisiwe nalala na simu usoni kila siku. Kuna mashine ya santuri nimeiona kwenye duka la mtumba karibu na Gikomba. Halafu kuna hili wazo la kuunda garimoshi dogo linalotembea lenyewe. Pesa inatosha kimoja. Nianze na kipi?"

Mimi ninavyo vyote viwili. Sebuleni kuna mashine ya santuri aliyoiacha baba, amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 70, na spika mbili ambazo nimezibadilishia povu la pembeni kwa mikono yangu. Chumba cha nyuma kuna meza ya mbao yenye jiliwa, tupa za kila umbo, na injini tatu ndogo nilizoziunda kwa bati na shaba. Nimezipenda kazi hizi mbili kwa miaka mingi, na najua kila moja inampendeza mtu wa aina gani.

Nilimrudishia swali. "Kwako kuna sahani ngapi za santuri?" Hakuna hata moja. "Na jiliwa?" Hakuna. Basi alikuwa anaanzia sufuri pande zote mbili.

Kuokoa na kuunda

Kazi ya santuri ni kazi ya kuokoa. Mtu mwingine alikichora chombo hicho na kukiunda, huko Japani au Ujerumani au Uingereza, kikaimba miaka ishirini, kisha kikawekwa stoo kikashika vumbi. Wewe unakuja kukirudishia uhai. Furaha yake huja mapema: unaweza kununua mashine Jumamosi asubuhi, ukasafisha, ukabadilisha mkanda wa mpira, na jioni nyumba nzima ikasikia gitaa la benga lililorekodiwa kabla hujazaliwa. Sijapata kuona mtu anayesikia sindano ikitua kwenye sahani kwa mara ya kwanza asinyamaze.

Kuunda mitambo midogo kunaanza na meza tupu. Una kipande cha bati, spoku ya baiskeli, mchoro kwenye karatasi, na wiki nyingi ambazo mgeni akiingia hutakuwa na cha kumwonyesha. Injini yangu ya kwanza ilinichukua jioni kumi na moja, na jioni ya kumi na moja ilikataa kuzunguka. Ilizunguka ya kumi na mbili, baada ya kung'arisha tundu moja ambalo ekseli ilikuwa inakwaruza. Nilikaa nikiitazama mpaka mshumaa ukaisha.

Kwa hiyo jiulize jambo moja kabla ya kuhesabu shilingi: unaweza kustahimili mwezi mzima bila matokeo? Kama huwezi, na hilo si aibu, elekea upande wa santuri. Ila usome sehemu inayofuata kwanza.

Stima

Stima yetu ni volti 240, na mapigo yake ni hezi 50. Ziandike namba hizo mbili kiganjani unapokwenda kununua chombo cha sauti cha zamani, kwa sababu vingi vinavyofika Nairobi vilitengenezwa kwa ajili ya masoko mengine. Japani hutumia volti 100, nusu ya nchi kwa hezi 50 na nusu nyingine kwa hezi 60. Marekani ni volti 120 na hezi 60. Nyuma ya kila amplifaya nzuri kuna kibati au maandishi yanayotaja volti zake. Usiruhusu muuzaji akichomeke kabla hujasoma.

Baadhi ya amplifaya na redio kubwa zilizoundwa kwa ajili ya kuuzwa nje zina kiteuzi cha volti kwa nyuma, kidude unachokizungusha kwa bisibisi au sarafu. Ukikipata, umebahatika. Kisipokuwepo utahitaji transfoma ya kushusha, na hapo kuna mtego: transfoma nyingi za madukani hushusha hadi 110. Chombo cha Kijapani cha volti 100 kitawaka kwa hiyo 110, kitaimba, na kitakuwa kikichemka kuliko kilivyokusudiwa kila saa unayokitumia. Tafuta transfoma yenye tundu la 100, au mwambie fundi akusukie.

Hezi ni tatizo gumu zaidi kwa sababu transfoma haiwezi kulitibu. Mashine nyingi za santuri za mkanda zina mota inayofuata mapigo ya stima. Ikiwa iliundwa kwa hezi 60 na wewe unailisha hezi 50, itazunguka kwa sehemu tano za sita za mwendo wake. Sahani inayotakiwa kuzunguka mara 33⅓ kwa dakika itazunguka kama mara 27.8. Sauti itashuka karibu nusu-toni tatu, mwimbaji wa kike atasikika kama kaka yake mgonjwa, na utadhani sahani imeharibika. Dawa yake ni puli ya mota, kile kigurudumu kinachovuta mkanda, iliyo pana zaidi kwa uwiano wa sita kwa tano. Fundi mwenye mashine ya kukereza anaweza kukutengenezea kwa kipande cha shaba ukimpelekea ile ya asili kama kipimo.

Mashine zinazodhibiti mwendo wake kwa saketi ya elektroniki hazina ugonjwa huo. Technics SL-1200, iliyotoka mwaka wa 1972, ni ya namna hiyo: mota iko moja kwa moja chini ya sahani, hakuna mkanda wala puli, na mwendo hautegemei hezi za ukutani. Ukiikuta kwa bei unayoimudu, na volti zake zinafaa, usizunguke mara mbili.

Na stima ikipotea? Santuri hunyamaza. Mwenye meza ya bati huwasha mshumaa na kuendelea, kwa sababu tupa haihitaji soketi na injini ya hewa moto inaendeshwa na mshumaa huohuo. Mtaani kwetu jioni za giza si chache, na mimi nimeunda nusu ya vitu vyangu katika jioni hizo.

Sahani, sindano na masikio yako

Watu huanza na mashine, lakini mashine bila sahani ni meza ya gharama. Anza kwa kujiuliza muziki wako uko wapi. Nairobi ina bahati hapa. Mji huu ulikuwa kitovu cha kurekodi muziki wa Afrika Mashariki, na kilichobaki cha enzi hiyo bado kinazunguka. Kenyatta Market, katikati ya wasusi na moshi wa nyama choma, kuna mahali pa kununua sahani na hata mashine zilizotengenezwa. Nyingine zimelala kwenye makabati ya wazee Nyeri, Kisumu na Machakos, zikingoja mjukuu aulize.

Sehemu kubwa ya muziki wetu wa miaka ya 60 hadi ya 80 ilitoka kwenye sahani ndogo za mizunguko 45, wimbo ukigawanywa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande wa A, ya pili upande wa B. Mara nyingi gitaa linakolea hasa unapogeuza upande. Kwa hiyo mashine isiyo na mwendo wa 45 haikufai hapa, hata iwe ya jina kubwa namna gani. Baadhi ya sahani hizo zina tundu pana katikati na zinahitaji kile kidude cha plastiki cha kuziba pengo. Hakikisha unakipata pamoja na mashine, au kerezesha cha mbao.

Sahani za zamani zaidi, za mizunguko 78, ni ulimwengu mwingine. Mtaro wake, ule mfereji inamopita sindano, ni mpana: sindano yake ina ncha ya kama maikroni 76, wakati ya sahani za kisasa ni karibu 18. Ukiweka sindano nyembamba humo itakwaruza chini ya mtaro, utasikia mvua ya mchanga, na utakuwa unaharibu vyote viwili. Sahani hizo pia hazikutengenezwa kwa vinaili, plastiki ya sahani za baadaye. Nyingi ni za shelaki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, na shelaki huyeyuka kwenye spiriti. Nalijua hili kwa uchungu. Baba aliniachia sahani tisa za 78, na ya kwanza niliisafisha kwa spiriti ya hospitali nikidhani naitunza. Weusi ulitoka kwenye pamba, na muziki ukatoka nao. Zimebaki nane. Shelaki isafishe kwa maji yaliyochujwa, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, basi. Hata vinaili siifanyii zaidi ya hapo.

Sindano ndiyo gharama isiyokwisha. Kwa kawaida hushauriwa ibadilishwe baada ya saa 500 hadi 1,000 za kucheza, na sindano halisi ya kampuni inaweza kukugharimu kuliko ulivyolipia mashine nzima ya mtumba. Usiikwepe gharama hiyo. Sindano iliyolika ni patasi ndani ya mtaro. Uzito wa ule mkono unaobeba sindano nao una kipimo chake: vichwa vingi vya sumaku, vile vinavyoshika sindano, vinataka kati ya gramu moja na nusu na mbili. Watu hudhani wakipunguza chini ya hapo wanailinda sahani, kumbe sindano nyepesi mno hurukaruka na kugonga kuta za mtaro. Mizani ndogo ya wauza dhahabu itakuonyesha ukweli.

Kuna jambo moja ambalo limewafanya watu warudishe mashine nzima sokoni. Unaiunganisha kwenye wufa ya sebuleni, sauti inatoka nyembamba na ya mbali, kama mtu anayeongea ndani ya kopo. Mashine ni nzima. Wakati wa kukata sahani, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa, ili mtaro usiwe mpana kupita kiasi na mikwaruzo isisikike sana. Amplifaya ya zamani yenye tundu lililoandikwa phono hurudisha mizani hiyo na kukuza ule umeme mdogo wa sindano. Wufa ya kawaida haina tundu hilo. Utahitaji kisanduku kidogo cha kukuza sauti ya santuri katikati yake, na mafundi wa Luthuli Avenue wanaweza kukutafutia au kukutengenezea. Ukisikia mvumo mzito usiokoma, tafuta ule waya mwembamba wa ardhi unaotoka kwenye mashine na uufunge kwenye skrubu iliyo nyuma ya amplifaya.

Kuhusu hatari nitasema kwa ufupi na kwa uzito. Kapasita kubwa za amplifaya hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Usiingize kidole wala bisibisi mle kabla fundi hajakuonyesha namna ya kuziondolea umeme na kuzipima kwa mita. Na amplifaya iliyolala miaka usiichomeke ukutani moja kwa moja. Ipitishie umeme kwanza kwenye taa ya wati 60 au 100 ya waya wa kuwaka, isiwe ya LED, iliyofungwa kwa mfululizo na chombo. Taa ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna kitu kimeungana ndani, na taa imekuokolea transfoma.

Bati, tupa na moto

Wengi wetu tuliokulia hapa tumeshaunda mitambo bila kuiita hivyo. Gari la waya lenye usukani mrefu, magurudumu ya ndala zilizokatwa mviringo, ekseli ya mbele inayopinda ukizungusha mkono: huo ni mfumo kamili wa usukani, na mtoto wa miaka tisa aliubuni kwa kutazama matatu barabarani. Kuna watu wazima wanaodhani kwamba mitambo midogo ni mchezo wa matajiri wa Ulaya wenye karakana za joto. Nairobi ni mahali pazuri kuliko wanavyofikiri. Kamukunji wanauza bati la kila unene na watakukatia kwa mkasi mbele yako. Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, utapata beringi, springi na skrubu kutoka kwenye magari yaliyovunjwa. Mafundi wa baiskeli watakupa spoku zilizopinda bila kukudai, na spoku ni ekseli bora ya milimita mbili.

Kwa anayeanza ninapendekeza injini ya hewa moto ya makopo. Kanuni yake ilipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka wa 1816, na aliyeibuni, Robert Stirling, alikuwa mchungaji wa kanisa huko Scotland. Ndani ya kopo kuna kizibo chepesi kinachopanda na kushuka bila kugusa kuta, mimi hukitengeneza kwa waya wa kusugulia sufuria. Chini kuna mshumaa, juu kuna maji baridi. Kizibo kikipanda, hewa hukimbilia chini, hupata joto na kutanuka. Kikishuka, hewa huhamia juu, hupoa na kusinyaa. Utando wa baluni uliofungwa kwenye tundu la pembeni husukumwa na kuvutwa, na fimbo yake huzungusha ekseli yenye sidii ya zamani kama gurudumu zito. Siri ziko mbili. Kizibo kitangulie utando kwa robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90, na nafasi kati yake na ukuta iwe milimita moja au mbili. Kinachobaki ni vita dhidi ya msuguano, na vita hivyo unavishinda kwa subira na karatasi ya msasa laini.

Ukipenda gia, jifunze kutoka Meccano, seti ya vipande vya chuma vya kuchezea na kuunda mitambo, hata kama hutaona kisanduku chake. Frank Hornby wa Liverpool alipata hataza ya wazo hilo mwaka wa 1901: vipande vya chuma vyenye matundu yaliyopangwa kwa umbali mmoja, nusu inchi, yaani milimita 12.7, ili kila kipande kiingiane na kila kingine. Toboa bati lako kwa umbali huohuo na utaweza kubomoa na kuunda upya bila kupima tena. Gia ya meno 19 ikizungusha ya meno 57, ya pili huzunguka mara moja kila ya kwanza inapozunguka mara tatu, na nguvu huongezeka kwa kiasi kama hicho ukitoa kinachopotea kwenye msuguano. Hesabu hiyo ukiishika mkononi, hutaisahau kama ulivyoisahau ya darasani.

Na garimoshi la mpwa wangu? Hapo nilimpeleka kwenye Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971 karibu na stesheni. Limesimama pale garimoshi la mvuke Mount Gelai, namba 5918, la jamii ya 59. Injini 34 za jamii hiyo ziliundwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 50, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na ndizo garimoshi za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Mzinga wa kuchemshia maji umening'inizwa katikati ya injini mbili zinazojipinda kila moja peke yake, ndiyo sababu chombo cha zaidi ya tani 250 kiliweza kupita kwenye kona za reli nyembamba kutoka Mombasa. Baba alikuwa fundi wa reli, na alikuwa akiniambia kwamba unaisikia kwanza kwa miguu, ardhi ikitetemeka, kabla ya masikio.

Sasa tazama uzuri huu. Kuna kipimo kinachotumika sana na waunda reli ndogo za bustani, kilichoenezwa na kampuni ya Kijerumani ya LGB tangu mwaka wa 1968: 1 kwa 22.5, juu ya reli ya upana wa milimita 45. Gawanya mita moja kwa 22.5, unapata milimita 44.4. Yaani reli yetu ya zamani inakaa karibu kamili kwenye reli ndogo ambayo tayari ipo. Ukitaka SGR, reli yetu mpya iliyo pana zaidi, kwa kipimo hicho utahitaji reli ya karibu milimita 64, nayo utaijenga mwenyewe. Lakini Mount Gelai halisi ina urefu wa zaidi ya mita 30, hivyo ndogo yake itazidi mita 1.3. Hiyo ni kazi ya miaka. Anza na behewa moja.

Mvuke halisi nauahirisha kabisa kwa anayeanza. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi kwa sababu ya mwinuko wetu, na kuna wanaodhani hilo linaupunguzia mvuke ukali. Kopo lililozibwa juu ya moto ni bomu hapa kama lilivyo Mombasa. Usichemshe maji ndani ya chombo kisicho na vali ya usalama uliyoijaribu mwenyewe. Injini ya hewa moto haina hatari hiyo, nami ndiyo niliyoanza nayo.

Chumba, majirani, watoto, pesa

Haya nitayapitia haraka. Ukiishi chumba kimoja chenye ukuta mwembamba, santuri itakugombanisha na jirani usiku, isipokuwa uwe na vipokea sauti vya kichwani. Msumeno na nyundo vitakugombanisha naye pia, ila tupa na msasa havimfikii. Mashine ya santuri inataka meza isiyotikisika, mbali na mlango unaobamizwa. Kazi ya bati inataka meza ambayo huogopi kuichafua.

Watoto wadogo na sindano ya santuri hawaivi chungu kimoja. Kwenye meza ya bati mtoto wa miaka minane ana kazi yake halali: kushika, kupima, kuzungusha. Ila moto na bati lenye makali ni vya mkubwa.

Kwa pesa, santuri inameza nyingi mwanzoni kisha inaendelea kudokoa: sahani, sindano, kapasita, nauli ya Kenyatta Market. Lakini chombo kizuri kilichotengenezwa vizuri utakiuza siku ukibanwa. Kazi ya bati inaanza na hela ya koleo, tupa mbili, msumeno wa chuma na keekee ya mkono, kisha makopo ni ya bure. Injini uliyoiunda hutaiuza, na ukiiuza utajuta.

Mkanda wa kaseti nimeuacha nje ya ulinganisho huu makusudi. Philips waliutoa mwaka wa 1963 na naupenda, lakini ndani ya kinasa sauti kuna mikanda midogo na gia za plastiki zinazovunjika ukizitazama. Usianze nazo.

Nilivyomshauri

Kama nyumbani kwenu kuna mashine ya baba, shangazi au babu, na sahani zake, anza na hiyo leo. Povu la spika linaendelea kuoza, grisi inaendelea kuganda, na yule anayejua sahani ipi ilichezwa kwenye harusi ya nani hatakuwepo daima. Hapo sina mjadala.

Kama huna kitu, ninakupeleka kwenye bati kwanza, hata kama roho yako iko kwenye muziki. Sababu yangu ni hii: hitilafu nyingi nilizozikuta kwenye mashine za santuri zilikuwa za kimakanika kabla ya kuwa za umeme. Mkono wa kurudi wenyewe ukigoma, ni grisi iliyokuwa ngumu kama gundi. Mwendo ukiyumba, ni mkanda uliolegea au puli yenye uchafu. Mvumo wa chini ukisikika, ni beringi iliyokauka. Wakati mmoja nilimlipa fundi anibadilishie mota ambayo haikuwa na kosa lolote, kwa sababu sikujua kusikiliza chuma. Aliyekaa miezi sita na injini ya makopo anaijua sauti ya ekseli inayokwaruza, anajua kubomoa kwa mpangilio na kurudisha kila skrubu mahali pake. Huyo akiinunua mashine ya Gikomba, ataiokoa.

Mpwa wangu anaishi Umoja, chumba kimoja, hana sahani, na stima yao hupotea. Nilimchezea upande mmoja wa sahani ya baba, kisha nikampeleka chumba cha nyuma nikamwashia mshumaa chini ya injini ya kopo. Aliitazama ikizunguka muda mrefu kuliko alivyosikiliza wimbo. Aliondoka na makopo mawili ya maziwa ya unga, spoku nne na jozi ya tupa ambayo sikuihitaji.

Wiki tatu baadaye akanitumia picha. Tundu la ekseli lilikuwa limekaa kando ya katikati kwa milimita mbili. "Shangazi, nilipime tena au nilitanue?" Nikamwandikia: chukua kopo lingine, chora mistari miwili ikatane, gonga alama kwa msumari pale inapokutana, ndipo utoboe. Jioni hiyohiyo akatuma picha ya pili, na tundu lilikuwa katikati.